Njia Niliyoiandika Bila Kuikanyaga

Vijana wangu wa ofisi ya barabara, siku ile mliponifanyia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa adabu kabisa kazi yangu hasa ilikuwa nini. Nikamjibu, "Kutembea." Mkacheka, nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Kwa miaka thelathini na moja serikali ya Mwingereza imenilipa nitembee njia za miguu za upande huu wa Mlima Meru, nizipime, nitazame vivuko na malango yake, kisha nirudi kuandika nilichokiona. Ninyi mna Landrova. Njia nyingi nilizozipita gari halitazipita kamwe, lakini watu wanazipita kila siku, na inafaa ofisini awepo hata mtu mmoja anayejua ziko wapi.

Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na kimoja nilinyang'anywa. Hicho cha kunyang'anywa ndicho nitakachokieleza, maana kinawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Niliandikwa kazi nikiwa na miaka kumi na tisa hivi, nimetoka shule ya misheni. Bomani walitaka mtu anayejua kusoma na kuandika, anayesema Kimeru na Kimaasai kidogo, na asiyeogopa mbwa. La mbwa niliongopa. Msimamizi wangu alikuwa Singasinga mmoja, fundi wa barabara, Bwana Gurdial, mwenye kilemba cheupe ambacho mpaka leo sijui alikifanyaje kikabaki cheupe katika vumbi la Kisongo. Alinikabidhi panga, daftari lenye jalada gumu, penseli ya zambarau ambayo maandishi yake hayafutiki, na gurudumu. Gurudumu lenyewe lilikuwa la chuma, lina mpini mrefu na kijisaa cha kuhesabu mizunguko. Unalisukuma mbele yako kama mtoto anayechezea ringi ya baiskeli, na watu wazima wanakutazama hivyohivyo.

Siku ya kwanza alinituma nipime njia ya kwenda Kisongo, tambarare tupu, kazi ya kumjaribu mtu. Saa tisa nilirudi nikiwa na majivuno.

"Makorongo ngapi?" akaniuliza.

"Matatu, Bwana."

"Ya tatu, maji yake inafika wapi wakati ya mvua?"

"Kiunoni. Mtu mmoja ameniambia."

Akafunga daftari. "Hiyo mtu moja iko na mshahara ya serikali?"

Kesho yake nilirudi Kisongo, nikaingia kwenye korongo lenyewe, nikatafuta kingoni alama za majani yaliyoachwa na maji, nikazipima kwa mwili wangu. Zilifika kifuani. Ndipo Bwana Gurdial akanionyesha kuandika herufi moja pembeni ya kila mstari: M kwa kitu nilichokikanyaga kwa mguu wangu, S kwa kitu nilichokisikia. "S haiko aibu," aliniambia. "S ni S. Lakini S ikivaa nguo ya M, hiyo mwizi." Kiswahili chake hakikujali ngeli, na sisi Wameru wa siku zile hatukuwa na haki ya kumcheka, maana chetu nacho kilikuwa kikichechemea.

Kwa mtu wa miguu, nchi yetu ina sura tatu. Upande wa magharibi, Kisongo mpaka Terrat, ni nyasi na migunga, na njia huko hupanuka kwa sababu ng'ombe hawatembei mmoja mmoja. Utakuta vijia kumi vinakwenda pamoja, vinaachana, vinakutana tena. Usihangaike navyo. Pima cha katikati. Wenyeji watakuuliza habari za ng'ombe wako kabla ya habari zako, na ukisema huna watakuonea huruma ya kweli. Sura ya pili ni miteremko ya mlima, migomba na kahawa na vijito, ambako njia inapita uani kwa watu na mipaka yake ni mistari ya mimea ya masale. Huko piga hodi na usalimie kila nyumba, kwa kuwa unapita sebuleni kwa mtu. Tena msiliamini sana gurudumu kwenye mteremko, maana linahesabu kila shimo na kila jiwe, na njia hurefuka kuliko ilivyo.

Sura ya tatu ni ya mashariki, kuelekea Usa River. Hapo vilima vinashuka polepole, miti mikubwa imesimama mmojammoja kwenye malisho kana kwamba kuna mtu aliyeipanga, na ukibahatika utaona twiga wanavuka kuelekea Ngurdoto. Kisha yanaanza mashamba ya walowezi, mibuni iliyonyooka kama imepigwa rula, na ndipo malango yanapoanza.

Huko ndiko nilikofanya kosa langu.

Kulikuwa na njia iliyotoka kijiji cha juu, mgongoni mwa kilima, ikapita katika pori la wazi, ikavuka kijito kwa mawe ya kukanyagia, ikashukia barabara ya Moshi. Ilikuwa ya kina mama wa sokoni na ya wagonjwa wa hospitali ya misheni. Faida yake kubwa ilikuwa hiyo ya kuvuka juu, kabla vijito viwili havijakutana vikawa mto. Katika mwaka wangu wa tatu, ilikuwa zamu yake kukaguliwa. Ilikuwa masika, siku ya Alhamisi, na Jumamosi nilikuwa naoa.

Nilipofika mgongoni nilimkuta mzee akizibua mfereji katika migomba yake. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya njia.

"Huko hakupitiki, mwanangu," alisema. "Tope tupu na majani. Watu hawapiti."

Alikuwa na maana ya wiki ile. Nilijua ana maana ya wiki ile. Nilisimama chini ya paa lake mvua ikinyesha, nikafungua daftari, nikaandika: Imeota majani, haitumiki. Nikabuni na urefu, maili mbili na robo. Pembeni nikaweka M. Kisha nikarudi nyumbani kusaidia kujenga banda la harusi.

Ofisini Bwana Gurdial alisoma ukurasa ule, akatazama gurudumu nililokuwa nimeliegemeza ukutani, akanitazama mimi.

"Umefika mpaka chini?"

"Nimefika, Bwana."

"Haya. Oa vizuri."

Nilioa vizuri. Mke wangu yuko hapa na ameshasoma ukurasa huu, akasema niuache ulivyo.

Mnaojua mpangilio wa orodha zetu mtaelewa kilichofuata. Njia iliyoandikwa kuwa haitumiki huondolewa katika orodha ya ukaguzi. Kwa hiyo sikutumwa huko tena, na sikuomba kutumwa. Kina mama waliendelea kushuka na ndizi zao, nami niliendelea na njia nyingine, na nasema bila kujisifu kwamba sikuweka tena M ya uongo. Niliona aibu ile ya mara moja imeniponya, na kwamba mambo yameishia hapo.

Miaka kama kumi baadaye pori lile akapewa mlowezi mmoja. Watu walimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi zake zilikuwa safi. Kabla ya kupewa ardhi, bomani walitazama kitabu cha njia kuona kama kuna njia ya watu inayopita pale, wakakuta haitumiki. Akazungusha uzio wa waya na katani, akapanda kahawa. Mshili, yaani mkuu wa ukoo wa kijiji cha juu, alipeleka malalamiko, akajibiwa kwamba kitabu kinasema vingine. Basi watu wakawa wanazunguka chini, kwenye kivuko, mahali vijito vimeshakutana.

Mimi niliuona uzio nikiwa barabarani. Nilijua palepale ni ukurasa gani uliousimamisha. Nilijiambia kwamba wazee watasikilizwa, kwamba neno langu halitaongeza kitu, kwamba nina watoto shuleni. Nikaendelea kusukuma gurudumu. Kiangazi kikapita, masika ikaja, ikapita, ikaja tena.

Masika ya tatu nilitumwa kupima njia hiyo mpya ya kivukoni. Nilifika asubuhi, maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo niliona watu kama kumi wamesimama, na katikati yao machela imewekwa chini, imefunikwa majani ya migomba. Nilizunguka juu mpaka nikapata gogo la kuvukia mtu mmoja, nikawafikia. Kwenye machela alikuwa msichana mmoja, Penieli, mwenye uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana yake. Mama yake alikuwa amempigia magoti, amemshika mkono.

"Gogo lile halipitishi machela," mwanaume mmoja aliniambia kabla sijauliza. "Tumeshajaribu."

"Mmefika hapa saa ngapi?"

"Jua lilikuwa halijatoka."

Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri maji yapungue. Nimefanya kazi ngumu nyingi, lakini hakuna iliyonishinda kama kusimama pale. Penieli hakupiga kelele. Alikuwa anauma kitambaa na kutazama mbingu. Mama Penieli ndiye aliyesema, na alisema taratibu, kama mtu anayeuliza tu ili apate kujua.

"Baba, wewe si ndiye yule wa gurudumu, mwenye kuandika njia? Zamani tulikuwa tunapita juu. Maji hayakuwahi kutuzuia hata mara moja. Kwa nini ile hukuiandika?"

Nilijifanya natazama maji.

Alasiri mto ulishuka kidogo, tukaingia wanaume sita, machela mabegani, maji kifuani. Tulimfikisha hospitalini. Walimwokoa Penieli. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki.

Wiki ile ile mshili alifika bomani na wazee wake, na safari hii hawakuleta barua, walikuja wenyewe na kukaa barazani mpaka Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu wa wilaya, akapanga siku ya kusikiliza. Nikaambiwa nijiandae, nitaitwa kuthibitisha maandishi yangu. Nilikwenda kwa Bwana Gurdial. Alikuwa ameacha kazi, anakaa mjini nyuma ya duka la mbao la mwanawe, macho yameanza kufifia. Nilimweleza yote, kuanzia ule mfereji wa yule mzee. Alinisikiliza huku akipapasa ubao kwa kiganja, kutafuta mahali palipokwaruza.

"Mimi najua," alisema nilipomaliza.

"Unajua nini, Bwana?"

"Ile siku. Masika, mvua siku tatu, wewe unatoka bonde, na gurudumu iko safi. Tope hata kidogo hapana. Mimi ona. Mimi sema, kijana anaoa, acha. Mimi nyamaza." Akaacha kupapasa. "Kwa hiyo usiseme uongo yako peke yako. Sasa tuko wawili."

"Nifanye nini?"

"Kanaeli, wewe iko mtu mzima. Mimi nitakuja, nitakaa. Kusema, sema wewe."

Akaja kweli, na fimbo yake, akakaa mstari wa mbele.

Bwana Shauri alikuwa bado kijana, na Kiswahili chake cha vitabuni kilikuwa kizuri kuliko changu. Bwana Miwani alikaa kulia kwake na faili. Wazee walisema, wakamaliza. Kisha kitabu kikafunguliwa mbele yangu.

"Kanaeli, haya ni maandishi yako?"

"Ni yangu, Bwana."

"Basi yathibitishe, tumalize."

"Siwezi, Bwana. Njia hii sikuipita. Niliandika nikiwa mgongoni, nimesimama chini ya paa la mtu."

Bwana Miwani aliuliza, si kwa ukali, kama nimekunywa kitu asubuhi ile. Bwana Shauri aliinua mkono.

"Unaelewa unachosema? Unasema kitabu cha serikali kina uongo."

"Ukurasa huo, Bwana. Na niliyeuweka uongo huo ni mimi."

"Na nitajuaje kwamba leo ndipo unaposema kweli? Labda wazee hawa wamekusihi."

Swali lilikuwa la haki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mtu aliyekiri uongo mmoja ana nini cha kuweka rehani? Nilimtazama Bwana Gurdial, naye akatazama fimbo yake. Aliyeniokoa ni Mama Penieli, ambaye alikuwa amekaa nyuma na kina mama wenzake na hakuwa ameitwa. Alisimama.

"Bwana," alisema, "usimwamini yeye. Wala usituamini sisi. Twende tukaipite."

Tulikwenda kesho yake, tukianzia kijiji cha juu: Bwana Shauri, Bwana Miwani, wazee, kina mama kadhaa, na mimi nyuma na gurudumu. Bwana Miwani alifungua uzio mwenyewe, hakuwa na wasiwasi, maana tangu alipolima hakukuwa na njia yoyote pale, ni kahawa tupu kutoka waya mpaka waya. Mama Penieli alitangulia. Hakusita, hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja akaingia kati ya mibuni.

Mibuni ilikuwa mizuri, inafika kifuani, majani ya kijani kilichoiva. Tulishuka hatua kama mia mbili. Ndipo tukaiona. Katikati ya uzuri wote ule kulikuwa na mibuni ya manjano, inafika magotini tu, na haikufuata mistari ya shamba. Ilikata shamba kwa mshazari, upana wa watu wawili, ikashuka kilima, ikapinda kuzunguka mwamba, ikaendelea.

Bwana Miwani alisimama. "Hapa ni pabaya," alisema. "Nimeweka mbolea mara tatu. Sijui pana nini. Mara tatu!"

Bwana Shauri aliomba jembe kwa mfanyakazi mmoja wa shamba, akamwambia apige kwenye mstari mzuri. Jembe likazama. Akamwambia apige kwenye ule mbaya. Likaruka, likalia kama limepiga sakafu. Akamwambia tena, mara tatu, mahali patatu. Kila mara lilikuwa lile lile. Ardhi ile ilikuwa imeshindiliwa na nyayo za watu wenye mizigo tangu enzi ambazo hata wazee wetu hawakujua mwanzo wake, na mizizi ya kahawa haikuweza kuipenya.

Tuliifuata mibuni iliyodumaa kama mnavyofuata barabara, mpaka kijitoni, na mawe ya kukanyagia yalikuwepo, yamelainika katikati. Bwana Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akasema neno moja kwa lugha yake. Tulipofika barabarani nilitazama kijisaa cha gurudumu. Maili moja na robo tatu. Hata urefu nilikuwa nimeubuni vibaya.

Wengine husimulia kisa hiki kana kwamba haki ilipatikana. Sikilizeni ilivyokuwa. Uzio haukung'olewa. Njia ilifunguliwa ukingoni mwa shamba, upana wa futi sita, inazunguka kahawa, kisha inaingia kwenye mawe yaleyale ya kijitoni, na mwishoni likawekwa lango kwa ajili ya ng'ombe wa shamba. Ni ndefu kuliko ile ya zamani, lakini inavuka juu. Wazee walidai ardhi wakapewa uchochoro, na walikuwa na haki ya kununa. Mimi nilivuliwa ukarani wa njia, nikapewa jembe na kuzibua mitaro ya barabara ya Moshi miaka miwili, chini ya mnyapara niliyewahi kumfundisha kuandika. Nilirudishwa kwa sababu hakupatikana mwingine aliyetaka kutembea kiasi kile. Bwana Gurdial hakuishi kuona nikirudishwa. Alikuwa amemwambia mwanawe anipe rula yake ya mbao inayokunjwa, nami nilikwenda kuipokea nikiwa na tope la mitaro magotini.

Katika miezi ile ya mitaro nilichuma jani la isale, kama afanyavyo Mmeru anayekwenda kuomba msamaha, nikapanda mgongoni kwa Mama Penieli. Nilimwambia kila kitu, hata lile banda la harusi. Alilishika jani muda mrefu, kisha akalichomeka darini. Penieli alikuwa amekaa pembeni akipukuchua maharage. Hakuinua uso.

"Mama amepokea lake," alisema. "Mimi bado."

"Nimesikia, dada," nilisema. Nikaenda zangu.

Miaka ikapita. Njia ile sasa ilikuwa katika orodha, na kila mwaka niliipita yote, kuwe na tope kusiwe na tope. Penieli alizaa watoto watatu, wote wazima, wote hospitalini. Mama yake alifariki kwa uzee. Tulipokutana njiani Penieli aliniamkia, "Shikamoo," nikaitikia, "Marahaba," na maneno yetu yaliishia hapo. Sikumuuliza tena juu ya jani. Si kitu cha kuulizia.

Mwaka huu, nilipobakiza wiki moja ya kazi, nilipita kwake kuaga. Nilimkuta uani anapanga mikungu ya ndizi.

"Nasikia unaacha kazi," alisema.

"Naacha Jumamosi."

"Kila mwaka unapita pale kwenye lango. Huwa unaandika nini?"

"Naandika lango ni zima."

"Zima?" Aliacha mikungu, akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto. "Njoo. Chukua huu."

Alinitwisha mkungu kichwani, mzito, si begani kama tubebavyo wanaume, kichwani, mikono miwili juu. Tukashuka pamoja mpaka kwenye lango, naye hana kitu mkononi. "Haya," akasema, "pita."

Komeo liko juu, usawa wa kifua, na linataka mikono miwili, mmoja wa kuinua na mmoja wa kuvuta. Nilitoa mkono mmoja, mkungu ukayumba. Nikajaribu kwa kiwiko. Lango lenyewe linaburuza chini, na ukilisukuma kidogo linakurudia. Mwisho mkungu ulianguka, ndizi zikatawanyika. Penieli hakucheka.

"Tunatua mzigo," alisema. "Tunafungua, tunaupitisha, tunafunga. Halafu mtu ukiwa peke yako, na mtoto mgongoni, nani wa kukutwisha? Unakaa hapa mpaka apite mwenzio. Wakati mwingine soko linakwisha."

Nilikuwa nimelifungua lango lile miaka yote hiyo, nimekikanyaga kizingiti chake kwa mguu wangu mwenyewe, M ya halali kabisa, mikono yangu mitupu. Nilimwomba mnyapara wa shamba ruhusa na keekee. Siku nne nilizobakiza nilizimalizia pale. Nilikata ubao wa chini uliokuwa unaburuza. Nilishusha komeo mpaka usawa wa nyonga, nikaliwekea ulimi wa mbao unaosukumwa badala ya kuinuliwa. Nikahamisha bawaba ya juu kidogo, lango likawa limeegemea, ili likiachwa lijifunge lenyewe kwa uzito wake. Msiidharau hesabu hiyo ya bawaba. Ilinichukua siku nzima kuipata.

Jumamosi, siku ya soko, niliketi kwenye nyasi kando ya njia, kazi imekwisha. Penieli alikuja kama saa mbili, mkungu kichwani, mjukuu wa dada yake mgongoni, nyuma yake hakuna mtu. Alilifikia lango bila kupunguza mwendo. Akalisukuma kwa nyonga, likafunguka, akapita, nalo likajifunga taratibu nyuma yake. Kwa mzigo ule hakuweza kugeuza shingo kunitazama.

"Linafunguka," alisema, akashuka kwenda sokoni.